Nilimwambia baba asipulize dawa, sasa miti yake haikuzaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Tandahimba. Nipo mwaka wa pili chuo kikuu, Morogoro, nasoma shahada ya kilimo. Ni mtoto wa kwanza nyumbani kuvuka kidato cha sita. Bodi ya Mikopo inanilipia sehemu, kilichobaki analipa baba kila mwaka baada ya mnada wa korosho. Kwa hiyo ada yangu, shangazi, inaokotwa chini ya mikorosho, moja moja, na mama yangu akiwa ameinama.

Mwaka wa kwanza tulisoma somo la entomolojia, yaani elimu ya wadudu. Sikulitegemea. Akili yangu ilikuwa kwenye udongo na mbolea. Siku mwalimu alipotuweka mbele ya darubini tukamtazama mbu wa mikorosho, mimi niliyekua naye shambani tangu utotoni nikajua sijawahi kumwangalia. Ana kijiti mgongoni kimesimama wima kama pini, na juu ya kijiti kuna kijipira. Miaka yote hiyo tumempulizia sumu na sikuwahi kukiona kile kijiti! Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine. Nina sanduku la wadudu 64, nimewachoma pini mwenyewe, kila mmoja ana kibandiko cha mahali, tarehe na jina la mkamataji. Hata yule mbu wa mikorosho aliye mwanzo kabisa wa sanduku, ambaye baba alinikamatia kwa vidole vyake nikiwa likizo, nimemwekea kibandiko kizuri: Tandahimba, tarehe, na jina langu.

Sasa sikia kilichonipata. Julai iliyopita, kabla sijaenda fildi Kilosa, nilikaa nyumbani wiki mbili. Tulikuwa tumefundishwa kwamba maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wanawawinda mbu wa mikorosho, na kwamba sumu tunayopuliza inawaua na wao. Upande wa chini wa shamba letu kuna miti 11 ya zamani aliyopanda babu. Nikaona viota vya maji moto kwenye miti mitatu. Nikamwambia baba miti ile yote 11 isipulizwe. Alisita. Nikamweleza, nikamchorea mchangani, nikamwambia wenzetu huko ndiko walikofika. Mwisho akasema, "Haya, wewe ndiye msomi." Akawaagiza vijana wa bomba wairuke.

Septemba mdogo wangu akanitumia picha. Maua yalikuwa kama yamenyunyiziwa unga wa muhogo, mengine yamekuwa ya kahawia na kukauka hata hayajafunguka. Korosho changa zilikuwa za kuhesabu, baadhi zina madoa meusi. Chini ya shina moja mdogo wangu alipiga picha vijishimo vingi vya sisimizi wadogo wa kahawia, akaniuliza kama ndio hao maji moto. Sehemu nyingine yote ya shamba, ile iliyopulizwa, ilizaa vizuri. Miti ile 11 hutoa magunia mawili. Msimu huu haikujaza hata nusu gunia.

Baba alinipigia. Hakufoka, na ndiyo iliyoniumiza. Alisema, "Nimekusomesha kwa korosho, na wewe umezilisha wadudu." Baba mdogo aliyeko Dar ndiye anayefoka. Anasema kila mahali kwamba tumesomesha mtu wa kukamata panzi, na anataka nihame nisome biashara.

Shangazi, nimefanya jambo baya zaidi ya hilo. Novemba, kwa hofu, nilimwambia baba kwa simu kwamba wadudu nimeachana nao, nimehamia biashara ya kilimo. Alifurahi mno. Hela ya ada iliingia siku ya tatu. Sijahama. Mwakani ni mwaka wa mradi wa utafiti, na mhadhiri mmoja ameniambia kama nataka kufanya utafiti wa maji moto atanisimamia. Karatasi ya kujaza jina ipo mezani kwangu. Nikiiangalia naona ile picha ya maua.

Je, niache wadudu nifuate wanachotaka nyumbani? Na kama nisipoacha, nitamwangaliaje baba?

Binti wa Tandahimba, niliyeko Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama shangazi, nikakuonea huruma. Mara ya tatu niliisoma kama bibi shamba, kazi niliyoifanya miaka 27, Masasi kisha Nachingwea, nikaona kitu ambacho wewe mwenyewe umekiandika na hukukisoma. Kwa hiyo nianze na miti, halafu nije kwa baba. Ukienda kwa baba bila kuielewa ile miti utaomba radhi kwa kosa ambalo si lako, na lililo lako utaliacha pale pale.

Umesema maua yalikuwa kama yamenyunyiziwa unga wa muhogo. Huyo si mdudu, mwanangu. Huo ni ubwiriunga. Ni kuvu, unashika machipukizi na maua machanga wakati huo huo wa baridi ya Juni hadi Agosti, maua yanageuka kahawia na kukauka bila kushika korosho. Maji moto hali kuvu. Hata kila tawi la miti ile lingekuwa na kiota, unga ungeshuka vile vile.

Mbu wa mikorosho ana mwandiko wake. Akifyonza chipukizi bichi au kikonyo cha jani, anaacha kidonda cheusi, kirefu, chenye pembe pembe, kimebonyea, mara nyingine kinatoa utomvu. Chipukizi linakauka kuanzia nchani, na ukisimama mbali mti unaonekana kama umepitiwa na moto. Na ukiwa na lenzi, tazama kwenye kikonyo laini au shina la chipukizi: yai lake amelichomeka ndani ya mmea, unachokiona nje ni vinyuzi viwili vyeupe, kimoja kirefu kuliko mwenzake. Hayo yote hukuyaandika, na picha uliyoieleza haina hata moja. Yale madoa meusi kwenye korosho changa ndiyo ya wafyonzaji, ama huyo mbu ama yule mdudu mkubwa kidogo anayesumbua na minazi, Pseudotheraptus wayi. Kwa hiyo wadudu walikuwepo. Lakini magunia yako mawili yalimalizwa na unga, tena mapema, kabla korosho za kufyonzwa hazijawa nyingi.

Ilikuwaje? Nadhani naweza kukuambia, kwa sababu nimewaona vijana wa bomba msimu hadi msimu. Wewe uliposema "isipulizwe" ulikuwa na maana ya sumu ya wadudu. Baba alisikia "isipulizwe". Vijana wakaambiwa "irukeni". Miti 11 ikakosa sumu ya wadudu, ikakosa na salfa, dawa ya kuzuia ubwiriunga, na kama walikuwa wanapuliza dawa ya maji iliyochanganywa ya kuvu na ya wadudu kwenye bomba moja, hawakuwa na namna ya kutenganisha hata wangetaka. Neno lako moja lilibeba dawa mbili, na wewe ukapanda gari kwenda Kilosa.

Hapo ndipo kosa lako lilipo. Hukukosea kuwaamini maji moto. Ulitoa agizo la miti yote 11 ya babu kwa neno moja, ukaondoka bila kubaki kuona linavyofanyika.

Na usidhani baba hakuujua ule unga. Mkulima wa korosho wa Tandahimba anautambua ubwiriunga kwa kunusa. Nilipoanza kazi, wazee walikuwa bado wanasimulia msimu wa 1973/74, nchi ilipokusanya tani 145,000 za korosho. Kufika 1986/87 hazikufika hata tani 17,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa ya kuvunja moyo, na juu ya hayo ukaja ubwiriunga. Nimeingia mashamba ambayo ndani yake ungepotea, vichaka vimefika kwenye matawi, na mwenye shamba anakuambia hana haja nayo tena. Salfa ndiyo iliyowarudisha wengi shambani. Kwa hiyo baba yako aliporuka miti ile alijua anachokihatarisha. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amekuheshimu. Lile neno lake la simu halikuwa la kukufundisha ugonjwa, mwanangu, alikuwa anakutajia hasara.

Sasa maji moto. Uliona viota kwenye miti mitatu, ukawakabidhi miti 11. Viota vya majani ni makazi tu. Swali la kujiuliza ni doria. Simama chini ya mti, tazama matawi makuu moja moja, hesabu ni mangapi yana msururu wa maji moto wanaopanda na kushuka. Mti ambao matawi yake mengi hayana msururu hauna mlinzi, hata kama una kiota kizuri kileleni. Miti yako minane haikuwa na mlinzi kabisa. Halafu kumbuka walivyo: himaya moja inaweza kuenea miti kadhaa na malkia ni mmoja, amekaa kwenye kiota kimoja. Ukitaka kuwasogeza kwenye mti mwingine unachukua viota vya himaya ile ile, maana wa himaya mbili wakikutana wanauana, kisha unawafungia kamba kutoka mti hadi mti wapate daraja. Hilo ni jambo la miezi, huwezi kulifanya katika wiki mbili za likizo.

Wale wadogo wa kahawia aliowapiga picha mdogo wako nao wana habari yao. Kama baadhi yao wana vichwa vikubwa kupita miili, hao ni Pheidole megacephala, maadui wakubwa wa maji moto. Wanakaa chini, wanapanda, wanawafukuza. Jambo hili limejulikana pwani yetu tangu miaka ya 1950, Mwingereza Michael Way alipokuwa Zanzibar akitafuta kwa nini minazi fulani inaangusha vidaka na mingine haiangushi. Minazi yenye maji moto ilikuwa salama. Yule mdudu mharibifu alipewa jina la Way mwaka 1955. Ndiyo hiyo "wayi" niliyoiandika juu. Vituo vya utafiti wa kilimo vya Naliendele, Mtwara, na Mikocheni, Dar, vimeendelea na kazi hiyo hiyo hadi kwenye mikorosho. Kwa hiyo swali lako lina historia ndefu, na picha ya mdogo wako, ambayo wewe unaiona kama aibu, ingempa mhadhiri wako mazungumzo ya saa nzima.

Tena kuna bloa, ile mashine ya kupuliza dawa kwa upepo. Dawa ya bloa haijui mpaka wa miti yako na miti ya jirani. Sumu iliyopulizwa kwenye miti ya karibu huenda ilitua pia kwenye viota vyako vitatu. Hao maji moto wachache uliowategemea yawezekana walikuwa wamekufa wakati wewe unashuka Kilosa.

Unaona mambo mangapi yamo ndani ya miti 11? Ndiyo maana swali lako la kwanza nalijibu hivi: usiache. Ungeniambia wadudu wanakuchosha, ningekuambia hama leo. Lakini mtu aliyekua na mbu wa mikorosho miaka 20, akaona kile kijiti mgongoni siku moja na asilale, huyo ana jicho. Mkoa wa Mtwara na mkoa wa Lindi vinahitaji macho hayo kuliko vinavyohitaji mtu mwingine wa kujumlisha hesabu za mnada, na simdharau huyo wa hesabu.

Baba mdogo anaposema panzi, mwambie habari ya kwao mwenyewe. Mwaka 1952 na 1953 homa iliwapiga watu wa uwanda wa Makonde, viungo vikiuma mpaka mtu anapinda mgongo. Ugonjwa ule ukaandikwa kwenye majarida ya tiba kwa neno la Kimakonde, chikungunya, na leo daktari wa India au wa Brazil anautaja kwa lugha ya bibi yako. Aliyeutafuta ulikotokea, W. H. R. Lumsden, aliingia ndani ya nyumba akakagua vyombo vya maji. Uwandani maji yalikuwa ya shida, watu wanayahifadhi ndani, na mbu aina ya Aedes aegypti wanazaliana humo humo. Ilimbidi mtu akae achungulie mitungini. Hiyo ndiyo kazi ya kukamata panzi.

Na muhogo anaoula baba mdogo akija likizo? Katika miaka ya 1970 vidung'ata, wadudu wadogo wafyonzaji kutoka Amerika Kusini, waliingia Afrika na kuisokota mihogo, nchi moja baada ya nyingine. Watafiti wakarudi kwao kuuliza nani anawala huko, na mwaka 1981 wakampata Paraguay nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Wakamlea, wakamwachia Nigeria, kisha nchi nyingine nyingi. Mkulima hakununua chupa hata moja. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Unguja nako mbung'o walikwisha kabisa: madume walilelewa Tanga, wakapigwa mionzi wasizalishe, wakamwagwa kwa ndege, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa mwaka 1996.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi na kwa ukweli. Hutakutana na matangazo mengi yanayomtaka mtu wa wadudu. Shahada yako itakuombea kazi ya ofisa kilimo kama wenzako wote, na entomolojia yenyewe utaizamia kwenye shahada ya uzamili. Wanaohitaji watu hao wapo: TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, na Naliendele ni yao, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Arusha, upande wa afya taasisi za utafiti za NIMR na Ifakara, ambako mbu ndio kazi ya kila siku, na Nairobi kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo. Nafasi ni chache, ushindani ni mkali, jipange tangu sasa. Fildi yako ijayo usiende Kilosa. Omba Naliendele.

Sasa baba.

Ile hela ya Novemba aliituma kwa ajili ya masomo usiyoyasoma. Nataka uisome sentensi hiyo tena. Magunia yaliyopotea ni hasara ya shamba, na wakulima wanazijua hasara. Lakini mzee ameokota korosho zilizobaki, amekwenda mnadani, amekutumia fedha kwa furaha ya jambo ambalo halipo. Kila siku unayomwacha kwenye furaha ile unalifanya zito zaidi. Atajua, mdogo wako atajua, baba mdogo ataulizia matokeo. Afadhali alisikie kwako.

Usilisemee kwenye simu. Ukifunga muhula nenda nyumbani, na kabla hujafika mpigie mjomba wako. Kwenu mjomba ana kauli kwa mtoto wa dada yake, na sisi Wamwera tuko hivyo hivyo, kwa hiyo najua ninachokuambia. Mweleze yote, pamoja na uongo, umwombe awepo. Asiseme kwa niaba yako, akae tu. Baba atapata mtu mzima wa kumgeukia akishikwa na hasira, na wewe hutapata nafasi ya kupunguza maneno.

Mama je? Barua yako imemtaja ameinama, basi. Mwambie usiku wa kwanza, mkiwa jikoni. Asije akayasikia barazani pamoja na wageni.

Halafu useme, bila darasa: "Baba, nimekuja kuomba radhi kwa mambo mawili. Nilikwambia miti isipulizwe, sikukufafanulia kwamba salfa ilitakiwa ipigwe. Maua yaliuawa na ubwiriunga, na kosa hilo ni langu. La pili, nilikwambia nimehama, sikuhama. Niliogopa." Unyamaze. Usitaje maji moto, usitaje Paraguay, wala hayo niliyokuandikia kuhusu Way. Akikaa kimya siku mbili, nenda naye shambani ukapalilie. Akisema hatalipa tena, sikia, usibishane pale pale. Mjomba yupo.

Akishatulia, na wewe utamjua akitulia, muulize swali moja la kweli: yeye mwenyewe amewahi kuona maji moto wakimkamata mbu? Nimewauliza wakulima wengi swali hilo. Wengi wamewaona. Kuna mzee mmoja wa Chiungutwa aliniambia mti wake mmoja hajaupulizia sumu ya wadudu miaka mingi, vibarua hawataki kuukaribia wakati wa kupogoa, ila wakati wa kuokota hakuna tatizo kwa kuwa korosho zinaanguka zenyewe chini. Baba yako ana miaka mingi ya kutazama ambayo wewe huna, na hakuna aliyemuuliza. Julai ulimchorea mchangani. Hukumuuliza.

Ndipo uombe miti. Miwili, siyo 11, tena achague yeye. Ipigwe salfa alfajiri kama mingine yote, kukiwa na umande na hakuna upepo, na ikae mbali na bloa la sumu. Sumu ya wadudu tu ndiyo iachwe, na iachwe pale tu ambapo wewe na yeye mmehesabu msururu kwenye matawi mkakubaliana kwamba mlinzi yupo. Mkikuta vidonda vya mbu vinaongezeka, mti unapulizwa, na neno la mwisho ni lake. Namna ya kuziweka salfa, sumu ya jirani na maji moto kwenye shamba moja la mkulima mdogo ndiyo mada ya mradi wako. Karatasi iliyo mezani ijaze, lakini ijaze baada ya kutoka nyumbani. Kama tarehe inakubana, mweleze mhadhiri una jambo la familia, muombe wiki mbili. Na Nanenane ikifika, mpeleke baba Ngongo, Lindi, akaongee na watafiti yeye mwenyewe. Wewe simama pembeni umshikie mkoba.

Kuhusu magunia, usimwahidi kuyalipa kwa bumu. Hutaweza, na utakuwa umeongeza ahadi ya tatu juu ya mambo mawili yaliyovunjika. Mpe mikono yako msimu wa kuokota, ikibidi uchelewe kurudi chuo siku chache kwa ruhusa.

Kuna kitu kimoja kidogo nimekiacha makusudi. Umeandika kwamba mbu wa kwanza kwenye sanduku lako alikamatwa na baba kwa vidole vyake, na kwamba kwenye kibandiko umeweka jina lako. Walimu wako wamekwambia mdudu asiye na kibandiko sahihi hafai kitu, na sehemu ya mkamataji huandikwa aliyemkamata. Kabla hujapanda basi la kwenda kusini, chomoa pini taratibu, andika kibandiko upya kwa wino usiofutika, mahali na tarehe vibaki vile vile, jina liwe la baba. Sanduku lichukue uende nalo.